Fedha Zinavyopotea Kati ya Tabora na Kigoma

Daftari langu la mwaka 2019 bado ninalo. Ni daftari la kawaida la mistari kama yale wanayonunua wanafunzi wangu, na katika ukurasa wake wa tatu nimeandika hesabu ya safari yangu ya kwanza ya kwenda Ujiji, Kigoma, kumsalimia mama mdogo. Nilitoka nyumbani, Isevya hapa Tabora, nikiwa na shilingi 120,000 nilizozidunduliza kwa miezi minne. Nilirudi baada ya siku tano nikiwa na shilingi 3,500 mkononi na deni la shilingi 20,000, ambazo mama mdogo alinipa jikoni kwa kuninong'oneza ili wanawe wasisikie. Usiku ule ule wa kurudi niliketi kitandani nikaandika kila kilichotoka mfukoni. Nauli za kwenda na kurudi zilikuwa shilingi 46,000. Zilizobaki, shilingi 90,500, zilikwenda katika mambo ambayo sikuwa nimeyapangia hata senti moja.

Tangu wakati huo nimekwenda Kigoma karibu kila mwaka, na kila mara nimeandika. Ninachokiona katika kurasa hizo ni kwamba sisi wenye kipato kidogo tunapojiandaa kusafiri huihangaikia sana nauli, tukauliza kwa huyu na yule ni basi gani linapungua elfu mbili, ilhali nauli ndiyo gharama pekee inayojulikana kabla mtu hajatoka nyumbani. Kinachotuumiza hakiko dirishani pa tiketi. Kiko katika saa tunayofika, katika njaa inayotukamata njiani, katika mizigo tunayobeba, na katika namna tunavyozitoa fedha zetu wenyewe.

Nianze na saa ya kufika, kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Mwaka ule nilipanda basi la alfajiri. Likaharibika mbele ya Nguruka, tukakaa kando ya barabara tangu saa saba mchana hadi jua likakaribia kuzama, na tukaingia Kigoma saa tano na nusu usiku. Stendi ya mabasi iko mbali na mjini, na Ujiji ni mbali zaidi. Daladala zilikuwa zimekwisha. Kijana wa bodaboda aliyebaki pale akanitajia shilingi 7,000, nami sikuwa na la kujibu, maana mtu aliyesimama gizani na begi mkononi hana nguvu ya kupatana. Alinipeleka gesti badala ya Ujiji, kwa sababu niliona haya kumwamsha mama mdogo usiku wa manane, na gesti ikanichukulia shilingi 20,000. Kwa hiyo kabla sijalala nilikuwa nimetumia shilingi 27,000 ambazo zingebaki zote mfukoni kama ningefika saa nane mchana. Chumba nilichokilipia nilikitumia kwa saa sita tu.

Ndiyo sababu siku hizi nikikata tiketi swali langu la kwanza si bei. Ninauliza tutafika saa ngapi, kisha moyoni ninaongeza saa nne za matatizo, na nikiona hata baada ya kuziongeza bado kuna mwanga wa jua, ninalipa. Ikiwa hesabu inaniangusha usiku, ninatafuta njia nyingine hata kama nauli yake ni kubwa zaidi.

Njia hiyo nyingine, kwa sisi wa Tabora, mara nyingi ni treni. Reli ya Kati ilifika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kipande chetu cha kutoka hapa hadi ziwani kina zaidi ya kilomita 400. Treni ni ya polepole, wala simlaumu mtu mwenye haraka akiikwepa. Ila mara zote nilizoipanda niliondoka hapa gizani na kufika kukiwa kumekucha, na hilo lina faida mbili kwa mwenye fedha kidogo: usiku wa kulala haulipiwi gesti, na unaposhuka unashuka mjini kabisa. Stesheni ya Kigoma iko karibu na bandari, chini ya mlima wa mji, na ukitoka nje ya jengo lile la Wajerumani barabara ya Lumumba inakupandisha hadi Mwanga kwa miguu. Mwenye begi la kubeba mgongoni hahitaji bodaboda wala bajaji.

Treni ina mabehewa ya daraja la tatu, ya daraja la pili ya kukaa, na ya kulala. Nimesafiri kwa daraja la tatu nikiwa peke yangu na sikujuta, ingawa nilivaa sweta na kujifunga kanga mbili, maana baridi ya alfajiri pande za Uvinza si ya kuchezea. Nilipokuwa na mtoto mdogo nililipa cha kulala. Tofauti ya bei ilinishtua dirishani, lakini tuliposhuka mtoto alikuwa mzima, na siku yetu ya kwanza haikupotelea katika kuuguza homa na kununua dawa. Kubana matumizi hakuna maana ya kuchukua daraja la chini kila mara.

Jambo moja la kuzingatia kuhusu treni ni majira. Treni yetu hutoka Dar es Salaam, na mvua kubwa zinapoharibu reli katika bonde lile kati ya Kilosa na Gulwe, abiria wa Tabora na Kigoma huathirika hata kama huku kwetu jua linawaka. Ninapendelea miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mtu anayelazimika kusafiri masika na ateue siku mbili za akiba na fedha ya kula ya siku hizo, aiweke kando, asiiguse. Desemba nayo ina shida yake, kwa sababu shule zimefungwa, sikukuu zimekaribia na kila mtu anataka kwenda kwao, hivyo anayekata tiketi siku ya mwisho hukubali chochote anachoambiwa.

Hapo ndipo yalipo malalamiko yangu makubwa kuhusu mabasi. Mwaka mmoja, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, wakala mmoja alinitoza fedha kisha akanikabidhi tiketi iliyokunjwa mara mbili. Niliikunjua nikiwa nimekwisha kukaa kwenye kiti. Kiasi kilichochapwa juu yake kilikuwa pungufu kwa shilingi 5,000 kuliko nilichotoa. Nilishuka kumwuliza, akasema ile tofauti ni ya mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa begi langu la mgongoni ambalo nilikuwa nimelipakata. Sikurudishiwa. Nilijilaumu kwa kutokujua kiwango, kwa sababu Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ambayo wote tunaiita LATRA, hutangaza nauli kikomo kwa kila njia, na basi la daraja la kawaida lina kiwango chake tofauti na la daraja la kati. Sasa ninakiandika kiwango hicho katika daftari kabla ya kwenda stendi. Ninasubiri tiketi ichapwe, ninaisoma palepale dirishani mbele ya macho ya anayeitoa, na ndipo ninapotoa fedha. Ninalisema hili kwa uchungu, maana shilingi 5,000 kwa mama anayesafiri na watoto watatu ni chakula chao cha njia nzima.

Chakula ndicho eneo ambalo nimeokoa fedha nyingi kuliko jingine lolote, na nitakaa hapa kidogo. Katika safari ya 2019 nilitumia shilingi 19,500 kwa kula njiani, kwenda na kurudi, na shilingi 9,000 nyingine kwa maji na soda. Basi husimama mahali pamoja, dakika chache, watu wote wanashuka kwa pamoja wakiwa na njaa, na bei ya sahani ya chipsi na kipande cha kuku pale si bei ya mjini. Anayekula hapo analipia pia zile dakika chache. Bibi zetu Wanyamwezi walikwisha kulitatua tatizo hili zamani. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke, ndiyo matobolwa. Vile vinavyokatwa vibichi na kuanikwa ndiyo michembe. Michembe inahitaji kupikwa kwanza, lakini matobolwa yanatafunwa hivyo hivyo, hayachachi, hayamwagiki, hayatoi harufu inayomkera jirani, na kiganja kimoja pamoja na karanga za kukaanga kinamshikilia mtu mzima kwa saa nyingi.

Mimi huandaa hivi. Siku moja kabla ya safari ninakwenda sokoni asubuhi, ninanunua kisado cha matobolwa na karanga mbichi. Karanga ninazikaanga mwenyewe kwa chumvi kidogo, ninaziacha zipoe kabisa kwenye ungo, kwa sababu zikifungwa zikiwa za moto zinatoa jasho na kulainika. Ninapika mayai sita. Ninakanda chapati nne za mafuta machache ili zisiloweshe karatasi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ninaijaza nyumbani kwa maji yaliyochemshwa. Vyote hivyo hukaa katika kikapu cha ukindu kilicho miguuni pangu, si katika buti la basi, kwa kuwa chakula kilicho kwenye buti ni sawa na chakula kilichobaki nyumbani. Gharama yake yote haifiki shilingi 8,000, na kinatosha watu wawili.

Sisemi mtu asinunue kitu njiani. Katika treni, ikisimama Urambo, Kaliua au Nguruka, akina mama huja madirishani na beseni vichwani, na vitu vyao ni vya bei nzuri na vya kweli: asali ya misitu yetu kwenye chupa, mihogo ya kuchemsha, ndizi, samaki wa kukaanga wa Nguruka. Hawa ninawaungisha. Na ninapowaungisha sipatani hadi kumchosha mtu. Nimewahi kumwona msafiri mmoja akimnyang'anya mama shilingi 200 katika fungu la samaki huku treni ikianza kuondoka, mama akikimbia sambamba na behewa mkono umenyooshwa, na yule mtu akaketi akicheka kwamba ameokoa. Hakuokoa. Alimpunja mtu aliyeamka usiku kukaanga samaki wale. Kusafiri kwa gharama nafuu kuna mpaka, na mimi nimeuweka hapo.

Ninafundisha historia, na kila nikipita njia hii ninakumbuka kwamba ndiyo njia ya misafara. Stanley alipotoka Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alizunguka mbali upande wa kusini kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo, na alipoingia Uha alidaiwa hongo ya nguo, yaani ushuru wa kupita, na machifu mmoja baada ya mwingine, hata mwishowe akaamua kupita usiku kwa siri kabla mzigo wake haujaisha. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba misafara ile ililazimika kubeba fungu la hongo lililotengwa tangu mwanzo. Ndivyo ninavyofanya na dharura: shilingi 30,000 ninazishona kwenye pindo la gauni na sizihesabu kamwe kama fedha za safari.

Fedha nyingine ninazigawa. Kosa langu la 2019 lilikuwa kuacha sehemu kubwa kwenye simu na kuzitoa kidogo kidogo kwa mawakala, mara nne, elfu kumi au kumi na tano kila mara, nikidhani ninajilinda. Makato peke yake yalizidi shilingi 5,000. Makato ya kutoa hupangwa kwa makundi ya viwango, na anayetoa kiasi kidogo mara nyingi hulipa zaidi kuliko anayetoa kiasi kikubwa mara moja. Sasa ninatoa mara moja Tabora, kwa wakala ninayemfahamu, na ninaomba noti ndogo. Noti za elfu moja na mbili zina thamani kubwa safarini, kwa sababu mwenye noti ya elfu kumi huambiwa chenji hakuna, akaachia mia tano hapa na mia tano pale hadi zinafika elfu tatu bila yeye kuona. Fedha za siku zinakaa mfuko wa mbele. Za nauli ya kurudi zinakaa ndani ya bahasha, mbali na nyingine, na bahasha hiyo haifunguliwi kwa ajili ya zawadi, hata zawadi iwe nzuri namna gani.

Kuhusu zawadi na mizigo nina la kusema, kwa kuwa Tabora na Kigoma zimepangwa na Mungu kama majirani wanaokopeshana chumvi. Sisi tuna asali. Wao wana dagaa na mawese. Anayetoka Tabora na lita tano za asali nzuri hatanunua zawadi Kigoma, na sehemu ya asali hiyo akiwauzia jirani za mwenyeji wake kwa bei ya haki, anapata fedha ya dagaa wa kurudi nao. Mwaka jana asali niliyomwuzia jirani ya mama mdogo ililipa karibu nauli yangu yote ya kurudi. Dagaa ninawanunua mwaloni Kibirizi, asubuhi, wakiwa wamekaushwa vizuri, na humvunja mmoja kwa vidole kabla ya kununua: akivunjika kwa mlio amekauka, akipinda ana unyevu, na mwenye unyevu ataoza kwenye begi.

Mawese yaliwahi kuniharibia nguo zote za safari, kwa kuwa dumu lilikuwa na kifuniko kilicholegea na basi lilikuwa linaruka mashimo. Mama mmoja wa Mwandiga ndiye aliyenionyesha dawa. Alifuta mdomo wa dumu kwa kitambaa kikavu, akaweka kipande cha nailoni juu yake, akafunga kifuniko hadi nailoni ikajikunja pembeni, kisha akalipindua dumu juu ya karatasi na kuniambia, "Subiri, mwanangu, usiondoke nalo mpaka tuone." Tulisubiri dakika kumi tukizungumza. Karatasi ilibaki nyeupe.

Ukifika Kigoma kwenyewe, mji hauli fedha nyingi kama unajua kutembea. Nilipokuwa mgeni nilitumia shilingi 16,000 za bajaji kwa siku tatu, wakati daladala za kwenda Ujiji zinapita muda wote. Mahali pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley pale Ujiji, penye miembe, panafikika kwa daladala na mwendo mfupi wa miguu. Chakula cha mama lishe karibu na soko, ugali wa muhogo na mgebuka au dagaa wa mawese, kinashibisha na hakiumizi. Na ziwa halina kiingilio. Nimekaa ufukweni jioni nyingi nikitazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi wakiwasha taa zao mmoja baada ya mwingine kadiri giza linavyoingia, na sikulipa hata shilingi.

Gombe, hifadhi ya sokwe, ni habari nyingine, na ninaitaja kwa ufupi. Hakuna barabara ya kwenda. Ni maji tu. Kukodi boti nzima ni fedha nyingi mno kwa mtu mmoja, lakini kutoka Kibirizi kuna boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini na kupita Kasekela, yalipo makao ya hifadhi. Anayezitumia ajue kwamba ratiba yake ni ya wanavijiji, si ya watalii, hivyo atalazimika kulala huko na kurudi kesho yake, na gharama ya kulala lazima iingie katika hesabu tangu mwanzo. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, mradi awe na kitambulisho, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo aache fedha ya kutosha kwenye simu. Mimi nilikwenda na walimu wenzangu watano, tukagawana kila kitu, na ninaamini hiyo ndiyo namna pekee mwalimu wa kawaida anaweza kuwaona sokwe wale bila kukopa.

Kuna mambo matatu ambayo sipunguzi tena. Sipunguzi maji salama, sipunguzi vocha ya kumpigia mwenyeji kabla sijaondoka, na sifiki kwa watu mikono mitupu. Kukaa kwa ndugu kunaokoa fedha ya gesti, ndiyo, lakini mama mdogo naye ana watoto wa kulisha. Siku ya kwanza ninakwenda naye sokoni na ninalipia unga, mafuta na mkaa wa siku nitakazokaa. Alipinga mara ya kwanza, akasema, "Mwanangu, umekuja kunisalimia au kunilisha?" Nikamwambia nimekuja kwa yote mawili. Sasa hapingi tena, na mimi sioni haya kurudi kila mwaka.

Juma lililopita mwalimu mwenzangu kijana, aliyeletwa shuleni kwetu mwaka huu na ambaye kaka yake amehamia Kasulu, mkoani Kigoma, alikuja ofisini kuniuliza safari ya Kigoma ni shilingi ngapi. Nilimtolea daftari. Alisoma ukurasa wa 2019 kimya, kisha ukurasa wa mwaka jana, ambao jumla yake yote, nauli ikiwemo, ni shilingi 84,000 kwa siku sita, kabla ya kuhesabu fedha ya asali. Alikopi namna ya kukaanga karanga. Jumamosi tunakwenda sokoni pamoja kumchagulia matobolwa, na nimemwambia aje mapema kabla jua halijapanda, kwa sababu yale mazuri huisha saa tatu.